Enduro 40 inazima ukiongeza resi: anza na tangi, kabureta iwe ya mwisho

Mkuu mleta mada, nimekuelewa hivi. Mashine yako ya boti ni Yamaha Enduro ya farasi 40, ya zamani, ya kuchanganya oili na petroli. Asubuhi inawaka vizuri, silensa (mzunguko wa taratibu bila resi) inakaa, ukitoka taratibu haina neno. Ukishafungua resi kwa dakika kama kumi inalegea, inakohoa, inazima. Mkisubiri kidogo inawaka tena, mnakwenda, halafu yale yale. Fundi kasafisha kabureta mara mbili na sasa anataka ununue mpya.

Usinunue kwanza. Nimeendesha boti za mashine hizi kati ya Kivinje na Songosongo, huku Kilwa, kwa miaka mingi, za abiria na za samaki, na dalili ulizotaja hazinipeleki kwenye kabureta. Jeti ni vile vitundu vya kupimia mafuta ndani ya kabureta. Jeti kubwa ikiwa na uchafu, mashine inakataa resi tangu mwanzo, haingoji dakika kumi. Jeti ndogo ikiziba, silensa haikai na kuwasha kunakuwa shida. Ya kwako mwanzoni inashiba, baadaye inatumia mafuta kuliko inavyoletewa. Bakuli la kabureta linakauka, mashine inazima, mkikaa mafuta yanajikusanya tena taratibu na inawaka. Kwa hiyo tafuta kinachozuia mafuta njiani, kati ya tangi na kabureta.

Na usiendelee kuivumilia hivyo hivyo. Mashine ya kuchanganya haina oili nyingine ndani zaidi ya ile inayokuja na petroli. Petroli ikipungua, na oili imepungua, tena ndani ya silinda joto linapanda kwa sababu mchanganyiko umekuwa mwepesi, hewa nyingi petroli kidogo. Ukiilazimisha kwenye resi kubwa katika hali hiyo pistoni inakwaruza silinda na mwisho inashika. Hapo gharama ya kabureta utaiona ndogo. Mpaka utakapogundua chanzo cha tatizo, ikianza kulegea punguza resi mara moja, usiibane.

Sasa kipimo ambacho hakihitaji spana. Toka na mtu wa pili, mbaki karibu na bandari, nanga na makasia yawemo botini. Wewe endesha, yeye aishike pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo katikati ya bomba la mafuta. Mashine ikianza kulegea, kabla haijazima, akuambie pampu ikoje mkononi. Ikiwa imenywea, imejikunja kwa ndani, mafuta yamezuiwa nyuma yake, upande wa tangi: tundu la hewa, chujio la ndani ya tangi, au mpira wenyewe. Ikiwa haijanywea, aanze kuiminya. Mashine ikirudisha nguvu kila akiminya, ama pampu ya mafuta iliyo kwenye mashine yenyewe imechoka ama kuna mahali inavuta hewa. Asipobadilisha chochote kwa kuminya, ndipo uanze kufikiria kabureta au umeme. Na ikizidi kukohoa anapominya, inamwaga mafuta kupita kiasi, tazama floti (boya la ndani ya bakuli la kabureta) na sindano yake inayofunga mafuta.

Kwa maelezo yako mimi naitarajia ile ya kwanza, pampu kunywea. Kama ndivyo, anza na kifuniko cha tangi. Kile kiskrubu kidogo cha juu ni cha kupitisha hewa. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie mahali pake, isipoingia tangi linajivuta ndani na pampu ya mashine inashindwa kuvuta. Wengi wanakifungua, sawa, lakini chumvi imeganda kwenye tundu au mtu kapaka rangi juu yake. Kukizungusha peke yake hakutoshi. Kipulize uone kama hewa inapita. Njia ya haraka zaidi: siku mashine ikianza kulegea, legeza kifuniko kizima. Ukisikia tangi linavuta pumzi na mashine ikachangamka, umemaliza kazi.

Kama hewa inapita, toa bomba la kunyonyea lililo ndani ya tangi. Mwisho wake una kichujio cha wavu. Matangi ya zamani ya chuma yanatoa kutu ndani, ile kutu laini kama kahawa, inafunika wavu. Ndiyo maana watu husema mashine yangu inasumbua msimu wa kusi, kaskazi iko poa: mashine ni ile ile, ila mawimbi ya kusi yanakoroga tangi, kila kilicholala chini kinapanda.

Halafu mpira wa mafuta. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoliwa pesa bure. Kuna boti tuliyohangaika nayo msimu mzima, dalili zake kama zako. Tangi safi, kifuniko safi, kabureta imefunguliwa mpaka skrubu zimeanza kulika. Mpira kwa nje mweusi, laini, hauna ufa hata mmoja. Tukaazima tangi la jirani pamoja na mpira wake, tukaenda nalo na kurudi bila mashine kukohoa. Tukarudisha mpira wetu kwenye tangi lile lile la kuazima, ikazima. Basi tukauchana kwa kisu kwa urefu. Ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka upande mmoja, inaning'inia kama ulimi, urefu wa kidole gumba. Kwenye mwendo mdogo mafuta yalipita pembeni yake. Ukifungua resi, mvuto unaongezeka, ulimi unanyanyuka na kuziba njia. Ukizima, unalala tena. Ukiupuliza mpira kwa mdomo hewa inapita kama kawaida, hasa ukipuliza kutoka upande ambao haunyanyui ule ulimi. Kwa hiyo mpira wa zamani usiupime kwa macho wala kwa kupuliza. Upime kwa kubadilisha.

Ndiyo maana nakuomba: kabla ya spana yoyote, azima tangi na mpira wa boti ambayo unajua inakwenda. Badilisha vyote viwili kwanza. Tatizo likiondoka, rudisha kimoja kimoja mpaka lirudi. Ukifunga mpira mpya, hakikisha ni wa petroli. Wa maji unalainika na kuvimba ndani ya muda mfupi. Mshale wa kwenye pampu ya mkono uelekee kwenye mashine.

Kama umeazima vyote na tatizo bado lipo, tatizo liko juu ya mashine yenyewe. Anza na kiungio, kile kichwa cha kubana na kuchomoa. Ndani kina oringi, pete ya mpira ya kuzuia uvujaji. Ikichoka haivujishi mafuta nje, inavuta hewa ndani, na hewa huioni. Ili uione, tafuta kipande cha mpira mwangavu wa kupitisha mafuta, kiungie kati ya pampu ya mashine na kabureta, endesha ukitazama. Vipovu vichache wakati wa kuwasha si tatizo. Vipovu vinavyofuatana resi ikiwa juu ni hewa, basi fuata kila unganisho kurudi nyuma: klipu, oringi, kikombe cha chujio. Waya wa kufungia badala ya klipu unakata mpira pole pole, utoe.

Kikombe cha chujio ukikifungua usikimwage. Mimina kilichomo kwenye chupa ya kioo, acha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini, utaona mstari. Kwenye mafuta yaliyokwisha changanywa oili mstari huo ni wazi zaidi, maana oili ina rangi na maji hayana. Ukikuta maji, usisafishe kikombe peke yake. Maji yanatoka kwenye tangi au kwenye madumu, na ukiyaacha huko yatarudi kesho. Dumu lililojaa nusu likikaa juani mchana na kwenye ubaridi usiku, unyevu wa hewa unageuka maji ndani yake. Ongeza mvua na maji ya bahari yanayoingia kwenye vifuniko vilivyolegea. Mimina kupitia kitambaa kizito au chujio la faneli, na tone la mwisho la dumu usilitie kabisa.

Kuhusu mafuta yenyewe, wenzangu wa visiwani wananunua kwenye madumu, si kwenye pampu, na uchakachuaji tunaujua. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida, lakini dumu likishapita mikono kadhaa hakuna anayelipima. Tone moja kwenye karatasi nyeupe litakuonyesha: petroli safi inakauka bila kuacha alama, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Pima kabla hujatia oili, ukishatia kila tone litaacha doa. Mafuta ya taa yanawaka kwa shida, yanachafua plagi na kuleta misi, yaani mashine kuruka mapigo.

Oili yenyewe iwe ya mashine za boti, yenye alama TC-W3, si ya pikipiki. Enduro nyingi zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20, lakini soma kitabu cha mashine yako. Wapo wanaozidisha oili wakidhani wanalinda pistoni. Ukizidisha, kwenye kila tone linaloingia petroli imepungua, plagi zinajaa masizi, na mashine ambayo tayari inakosa mafuta unaizidishia.

Pampu ya mashine ni kitu rahisi. Haina umeme wala gia, inafanya kazi kwa presha inayopanda na kushuka chini ya pistoni, ikisukuma daiframu, ile ngozi nyembamba. Kwa miaka ngozi inakakamaa au inatoboka. Ikikakamaa inatosha kwa silensa, haitoshi kwa resi kubwa, na hiyo inafanana sana na hali yako. Ikitoboka, petroli inapita moja kwa moja kuingia kwenye injini: utakuta moshi na plagi ya silinda moja imelowa wakati ya pili iko sawa. Ifungue juu ya kitambaa cheupe, piga picha kila hatua kwa simu, nyoosha ngozi mbele ya jua utafute tundu. Seti ya ngozi na gasketi zake ni bei ndogo sana kuliko kabureta, na kwenye mashine ya umri huo mimi ningebadilisha hata kama naona nzima.

Ukifika kabureta, na hapo tu ukishapita yote haya, mwambie fundi asichokoe jeti kwa waya wa chuma. Jeti ni shaba, tundu likipanuka kidogo tu kipimo kimeharibika na hakuna kusafisha kutakakolirudisha. Tumia mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, unapita bila kukwaruza. Kwenye skrubu ya hewa, hesabu mizunguko mpaka ikae ukiandika, ndipo uitoe. Ncha ya sindano ya floti ikiwa na mfereji, ni ya kutupa. Na boti ikikaa kwenye masika bila kazi, fungua skrubu ya chini ya bakuli umwage mafuta. Petroli inayeyuka hewani, oili inabaki humo na kuwa gundi.

Kitu kimoja cha kutenganisha: shida ya mafuta inazima mashine kwa kulegea na kukohoa. Ikikatika ghafla kama mtu kazima swichi, na inarudi ikipoa, tazama koili na nyaya kwanza. Umesema yako inakohoa, ndiyo maana nimeandika haya yote. Ukijaribu nchi kavu, itie kwenye pipa la maji, impela ya mpira, ile inayosukuma maji ya kupoza mashine, haivumilii ukavu. Wala mtu asivute sigara botini mnapofungua mafuta, mvuke wa petroli unalala chini kwenye sakafu ya boti na hauondoki upesi.

Azima tangi na mpira, fanya kipimo cha pampu ya mkono, kisha uniandikie hapa ilikuwaje: imenywea au la, na ulipominya mashine ilifanya nini. Weka na picha ya plagi zote mbili ukizitoa mara tu baada ya kuzima, ukionyesha ipi ni ya juu na ipi ya chini.