Jumamosi, watoto wawili, na mama yuko zamu: mimi hufanya hivi

Ndugu uliyeuliza, nimekusoma. Mama watoto ana zamu kila Jumamosi, umeachiwa wawili, wa miaka 5 na wa miaka 3, mfukoni una shilingi 1,000, na mkibaki ndani hadi adhuhuri ni katuni na vita, ukauliza uwapeleke wapi. Mimi niko Kisauni, hapa Mombasa, na nilianza hivyo hivyo, binti akiwa na miaka 4 na mdogo wake 2.

Waliokutajia mabwawa ya hoteli na bembea za kulipia hawajakosea, ila elfu yako itaishia mlangoni. Anza na feri. Sifanyi mzaha. Mwenda kwa miguu halipi, na kwa mtoto feri ya Likoni ni safari kamili: lile bapa la chuma likishuka kwa kishindo, injini ikitetema chini ya nyayo, mikokoteni na tuktuk na magari yote yakijipanga. Nenda saa nne, si alfajiri wala jioni watu wa kazi wanapomiminika. Mdogo mbebe. Mkubwa mshike kifundo cha mkono. Vidole vyenye jasho huchopoka. Siku moja feri ilisubiri meli ya makontena ipite kuelekea bandari ya Kilindini, ikatuzibia jua kabisa. Mdogo akaipungia mkono mpaka ikapotea, kisha akaniuliza mbona haikumjibu. Tulivuka mara 4 siku ile.

Mkishuka upande wa kisiwani, bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, ni pale pale. Kaeni chini ya mibuyu, nunua mihogo ya kukaanga, mwambie muuzaji pilipili aiweke kando. Hapo meli huziona tena zikiingia. Madafu mawili yanawatosha nyote watatu.

Sasa pwani, maana hapa ndipo nilipoumbuka. Jumamosi moja niliwapeleka ufuo wa Pirates maji yamekupwa. Wakashinda vidimbwini wakifukuza kaa na visamaki, raha tupu. Nikawaahidi wiki ijayo tena, saa ile ile. Tulipofika, maji yamejaa, ufuo umebaki ukanda mwembamba, mawimbi yanapiga, vidimbwi hakuna. Binti alilia kama nimemdanganya, na kwa kweli nilikuwa nimemdanganya. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu akacheka: "Wewe mtu wa pwani gani?" Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, lakini kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku 7 zikipita ni karibu saa 6, yaani maji yaliyokuwa kupwa Jumamosi hii saa nne, Jumamosi ijayo saa nne yako juu. Nimezaliwa hapa na sikuwahi kuipiga hesabu hiyo!

Kwa hiyo tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa kupita kiasi, hutoka mbali sana kwenye saa nne za asubuhi. Hiyo ndiyo Jumamosi ya vidimbwi. Wavishe viatu vya plastiki, kwani kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba. Na maji yakianza kurudi, rudini nayo. Usingoje yafike magotini, mtoto wa miaka 3 magoti yake hayako mbali na ardhi. Jumamosi inayofuata ndiyo ya feri. Hivyo ndivyo ninavyopokezanisha, na sijaahidi uongo tena.

Haller Park, bustani ya wanyama kule Bamburi, ni ya mwezi mmoja mmoja kwa sababu ya tiketi. Ulizia saa ya kulisha twiga kabla hujatoka nyumbani. Wengi huwasimulia watoto habari ya Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamganda kobe mzee aitwaye Mzee. Wangu walisikiliza kwa adabu, halafu wakachuchumaa nusu saa wakitazama jongoo. Nikaona niwaeleze: hapa palikuwa machimbo matupu ya mawe ya saruji, mtaalamu wa kilimo René Haller akaanza kupanda miti ya mivinje mwaka 1971, na jongoo ndio waliotafuna majani makavu yakawa udongo. Tangu hapo jongoo nyumbani kwetu hauawi. Mama yao hajafurahi.

Jambo ambalo hakuna aliyekuambia ni choo. Una mtoto wa kike? Choo cha wanaume hupendi kumwingiza, cha wanawake huwezi kuingia. Mara ya kwanza nilizunguka nimembeba huku akinikaza shingo, mpaka mama mmoja muuza madafu akasema, "Nipe mwanangu huyo." Siku hizi nikifika tu namsalimia mama wa karibu, nanunua kwake kwanza, kisha namweleza shida kabla haijawa shida. Na beba nguo za kubadilisha seti mbili. Hata ya huyo wa miaka 5.

Rudi kabla ya saa saba, jua lisije likawapiga. Kaa karibu na mlango wa matatu, maana watalala wote wawili kabla ya Nyali, na stejini utashuka na mmoja begani, mwingine kiunoni, na mfuko wa nguo mbichi umeung'ata kwa meno.