Barua kwa mwanangu: mkataba ukiisha, pesa inatoka wapi?

Mwanangu,

Umeniuliza jambo ambalo viongozi wetu wengi wa mpira hulipita pembeni. Kama mkataba wa kijana umeisha na yuko huru kwenda anakotaka, ilikuwaje Liverpool wakawalipa Fulham kwa ajili ya kijana Harvey Elliott, tena kwa bei iliyopangwa na watu wengine? Na kituo chako hapo Lindi kingeambulia nini kijana wenu akichukuliwa Ulaya? Nitakujibu yote mawili, ila ni mambo mawili tofauti, na watu huyakoroga pamoja.

Nianze na Uingereza. Kule kijana ambaye hajatimiza miaka 24 hawi huru moja kwa moja kwa sababu tu mkataba umekwisha. Klabu yake ikimpa ofa mpya isiyopungua masharti ya zamani, naye akaikataa akaenda klabu nyingine ya hukohuko, klabu ile inabaki na haki ya fidia. Wakielewana wenyewe, yameisha. Wakishindwana linakaa jopo, linasikiliza pande zote na kutamka kiasi. Linatazama umri wake, miaka aliyolelewa pale, gharama za kumlea, mechi alizocheza, klabu zote mbili ziko ligi gani, ofa aliyoikataa ilikuwa nono kiasi gani, na kama kweli kulikuwa na klabu nyingine zinazomtaka au ni maneno ya magazetini.

Elliott aliondoka Fulham mwaka 2019 akiwa na miaka 16. Jopo lilitoa uamuzi Februari 2021: kiasi cha kuanzia, kinachoweza kupanda hadi pauni milioni 4.3 kadiri anavyofanikiwa, na asilimia 20 ya faida akija kuuzwa. Danny Ings alitoka Burnley kwenda Liverpool mwaka 2015 mkataba wake ulipoisha; mwaka uliofuata jopo likaamua pauni milioni 6.5, nyongeza ya hadi milioni 1.5, na ile asilimia 20 vilevile. Tofauti yao inaeleweka. Ings alikuwa amemaliza msimu mzima wa Ligi Kuu ya kule na kufunga mabao 11, Elliott ndiyo kwanza alikuwa ameonja. Mimi huo utaratibu wa nyongeza naupenda, kwa sababu mtoto wa miaka 16 hakuna anayejua atafika wapi, na anayekuambia anajua anataka kukuuzia kitu.

Sasa tuje kwenu. Jopo lile ni la Waingereza kwa Waingereza. Kijana akivuka mpaka wa nchi, kanuni ni za FIFA, nazo hazipangi bei ya mchezaji kabisa. Waingereza wanauliza mkorosho huu utazaa magunia mangapi. FIFA wanauliza umeupalilia misimu mingapi.

Hili lina historia yake. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyezuiwa kuhama ingawa mkataba wake ulikuwa umeisha. Tangu hapo, huko Ulaya, mtu aliyemaliza mkataba akivuka mpaka hauzwi. Klabu ndogo zikalalamika: sisi tulee, wenye pesa wasubiri tarehe ya mwisho wabebe bure? Mwaka 2001 FIFA wakaweka fidia ya mafunzo. Mwaka 2010 mahakama ileile, katika kesi ya Olivier Bernard, kijana aliyelelewa Lyon akaenda Newcastle, ikasema fidia ya namna hiyo ni halali mradi iendane na gharama halisi za malezi.

Hesabu yake ni hivi. Klabu zimegawanywa katika makundi, na kinachotazamwa ni kundi la klabu inayomchukua kijana. Kwa Ulaya ni yuro 90,000 kwa kila mwaka wa malezi kwa kundi la kwanza, 60,000 la pili, 30,000 la tatu na 10,000 la nne. Ile miaka minne, ya umri wa 12 hadi 15, huhesabiwa kwa kiwango cha kundi la nne, hata mnunuzi awe tajiri namna gani. Chukua kijana aliyekaa kwenu miaka hiyo minne, halafu miwili zaidi ya umri wa 16 na 17, kisha akasaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya Ulaya ya kundi la pili. Minne ya mwanzo ni 40,000, miwili ni 120,000. Jumla yuro 160,000, na hakuna mtu aliyekaa mezani kubishania kipaji chake. Akienda klabu ya Afrika vinashuka sana: dola 30,000, 10,000 na 2,000 kwa makundi ya pili, ya tatu na ya nne. Na anayemchukua akiwa wa kundi la nne, halipi kitu.

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Fidia hiyo hugawiwa walezi wote mara moja tu, kijana anapotoka kwenye ridhaa, yaani kucheza bila mshahara, na kusajiliwa nchi nyingine kama mchezaji wa kulipwa. Akisaini kwanza na klabu ya Dar es Salaam, madai yenu yanakuwa ya ndani ya nchi, chini ya kanuni za TFF, shirikisho letu la mpira. Akija kutoka huko kwenda nje kabla mwaka anaotimiza miaka 23 haujaisha, fidia ya FIFA inakwenda kwa ile klabu ya mwisho peke yake. Ninyi mnabaki na fungu la mshikamano, yaani ile asilimia 5 inayokatwa kwenye ada mchezaji anapouzwa huko nje na kugawiwa waliomlea kati ya miaka 12 na 23. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipouzwa na Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, fungu la namna hiyo lilihusika. Lakini hilo linahitaji ada. Aliyemaliza mkataba hana ada, kwa hiyo hakuna asilimia 5 ya kitu chochote.

Na yote haya yanasimama juu ya usajili. Tangu Novemba 2022 kuna ofisi ya malipo ya FIFA huko Paris, inafuata kumbukumbu za shirikisho la nchi, mwaka kwa mwaka. Niliona daftari lako nilipokuja uwanja wa Ilulu: picha za pasipoti zimebanduka, nusu ya watoto wana kadi za kliniki badala ya vyeti, na wawili tarehe zao zimefutwa zikaandikwa upya. Baba, huo umri wa kuchonga utawagharimu. Miaka ya malezi huhesabiwa kwa umri, na tarehe mbili zikigongana nani atawaamini? Na kabla ya daftari, kituo chenyewe kiwe kimesajiliwa kama klabu. Kisiposajiliwa, ninyi ni watu wema mliowapa watoto mpira.

Kuficha vyeti vya kijana ili asiondoke, kama nilivyosikia mwenzako mmoja anashauri, usithubutu. Haiwaongezei hata senti kwenye hesabu hiyo, na mtoto atawachukia.

Anza na vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, kwa wale wa miaka 12 na 13, hao ndio wana misimu mingi mbele. Orodha niletee ukija Idi tuipitie pamoja. Yule winga wa kushoto, mwambie mama yake asitie dole gumba kwenye karatasi ya wakala yeyote kabla hatujaisoma.

Baba yako anakusalimu, mguu umepungua kuvimba.

Mama yako,
Magomeni, Mtwara