Kangaga la Juu ya Mti, Sasa Ukutani Kwako

Tangu niandike juu ya kangaga lenye majani yaliyogawanyika kama pembe, maswali yamekuwa mengi. Leo najibu matano.

*Shikamoo mama. Yale majani ya duara yamegeuka kahawia na kukauka kama karatasi. Niyakate? (Tanga)*

Marahaba mwanangu. Weka mkasi chini! Kangaga hili lina majani ya namna mbili. Ya pembe ndiyo hubeba spora, ule ungaunga wa kahawia kwenye ncha, upande wa chini. Ya duara huota kijani, hukumbatia shina, kisha hukauka yakabaki palepale. Ndiyo nguo ya mizizi. Msituni hudaka pia takataka zinazodondoka kutoka juu, zikaoza zikawa chakula. Kata jani la pembe lililokauka, basi.

*Nimelipanda kwenye ndoo ya udongo na samadi, namwagilia kila siku. Katikati pamekuwa laini na peusi. (Dar es Salaam)*

Linaoza, liokoe leo. Kwao ni juu ya tawi: mvua hulilowesha, upepo hulikausha. Ukiizika mizizi yake kwenye udongo mzito, umeiziba pumzi. Litoe, kata palipooza mpaka ufike pagumu, kisha lifunge kwa mshipi wa kuvulia kwenye ubao usio na rangi wala dawa, juu ya tandiko la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Usikibane kichipukizi cha katikati.

Sisi wa pwani tuwe waangalifu hapo: usumba mwingi hutokana na makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi, na umejaa chumvi. Uloweke siku mbili tatu, ukibadilisha maji.

Kumwagilia ni kutumbukiza ubao wote kwenye beseni dakika 10 hadi 20, kisha kuuacha uchuruzike. Ukiunyanyua ukawa mwepesi, kangaga lina kiu. Ukiwa mzito, subiri.

*Vumbi jeupe kwenye majani haliishi hata nikifuta. (Mombasa)*

Usifute. Ni vinyweleo vyake, vinalipunguzia kupoteza maji. Mafuta ya kung'arisha majani nayo yaweke mbali.

*Niliweke wapi Julai, baridi ikizidi? (Nairobi)*

Ndani, karibu na dirisha lenye mwanga lakini si jua kali, na punguza maji. Makangaga haya yana aina kadhaa. Lile la Australia huvumilia baridi. Lile la Afrika lenye majani mapana kama masikio ya tembo halivumilii.

*Mwembe wetu una kangaga kubwa. Babu anasema linaunyonya mti, tulibandue. (Muheza)*

Nisalimie babu, umwambie kwa heshima zote halinyonyi, limejishikiza tu kwenye gome. Anayenyonya ni kirukia, ambaye mizizi yake hupenya ndani ya tawi. Ukitaka lako la nyumbani, ngoja lizae. Mtoto atatokea pembeni. Akishapata jani lake la duara na pembe za urefu wa kiganja, mkate kwa kisu kikali pamoja na mizizi yake, mama umwache mwembeni.