Jibu: Paka ana mba na ngozi kavu

Pole dada. Umesema mba imejaa mgongoni karibu na mkia, na kwamba paka amenenepa sana. Mimi ningeanzia kwenye huo unene: paka mnene hafikii kiuno chake kujilamba, kwa hiyo ngozi iliyokufa inabaki kwenye manyoya. Mchane kila siku kwa brashi laini. Chakula mpunguzie taratibu, usimkatie ghafla, maana paka mnene akikaa siku chache bila kula ini lake linaweza kuharibika vibaya.

Paka wengi hunywa maji kidogo, hivyo chakula chenye majimaji kinamfaa kuliko kikavu kitupu. Samaki aliyechemshwa bila chumvi, kidogo tu, ana mafuta mazuri kwa ngozi.

Shampuu ya watu usimtumie, wala mafuta ya manukato. Na tafadhali sana, dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inaua paka!

Mmulike kwa tochi. Ukiona mba inatembea, hao ni utitiri, na huwasha hata binadamu. Hapo, au akinyonyoka manyoya kwa mabaka ya mviringo, mpeleke kwa daktari wa mifugo.