Chakula cha mkulima wa Uingereza, miaka ya 1300

Mwalimu, kwenye orodha yako ya mapishi ya darasa la historia toa viazi, nyanya, mahindi na pilipili kali, hata maharage yetu haya: vyote asili yake ni Amerika, na Ulaya vilifika baada ya 1492. Kwa wanafunzi 10 wa kuonja, loweka usiku kucha shayiri gramu 300 na njegere kavu gramu 300, kisha chemsha kwa maji lita 4, saa moja na nusu. Koroga hadi chini, maana shayiri hushika sufuria na kuungua. Kabichi na vitunguu viingie dakika 20 za mwisho. Nyama iache tu. Ijumaa na Kwaresima Kanisa liliikataza. Uliza mapema nani hapatani na ngano: shayiri nayo ina gluteni, protini iliyomo pia kwenye ngano.