Leza, joto na cheti cha mionzi

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Kikundi chetu hapa Nyegezi tunatengeneza bodi ya setilaiti ndogo. Tuliifungua chipu ya kumbukumbu, tukaipiga kwa leza ya nanomita 1064, kuiga mionzi ya angani, kwenye nyuzi joto 25, kisha 85, nguvu ya leza ile ile. Ilipokuwa ya moto, biti (zile 0 na 1 zilizohifadhiwa) ziligeuka kirahisi zaidi. Mashine ni ya fundi wa Makoroboi anayebandulia vioo vya nyuma vya simu, na ameahidi kutuandikia cheti kwamba chipu inastahimili mionzi. Je, tutafute chipu nyingine?

JIBU: Marahaba. Chipu iacheni kwanza, maana sina hakika kama ndiyo iliyobadilika.

Hayo maneno “nguvu ile ile” yananichosha, kila anayeniandikia anayo. Biti inageuzwa na chaji inayozaliwa ndani ya silikoni, na chaji hiyo inategemea mwanga uliofyonzwa, siyo uliotoka kwenye mashine. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ya nanomita 1064 ina nishati ya elektrovolti 1.17 hivi, na pengo la nishati la silikoni, yaani kiasi cha chini cha kuing'oa elektroni ipitishe umeme, kwenye joto la kawaida ni 1.12. Imepenya kwa unywele tu! Ukiipasha chipu, pengo linapungua, na mitetemo ya atomi inayoisaidia fotoni kufyonzwa inaongezeka. Leza haijaguswa, ila chaji imepanda. Ni kama kuuza dagaa pale Mwaloni kwa kopo linalotanuka jua likipanda, halafu mchana ushangae mzigo umeisha mapema.

Ayoni nzito ya angani, yaani chembe yenye chaji ambayo leza inaiiga, haina shida hiyo. Popote inapopita kwenye silikoni huacha jozi moja ya elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni) kwa kila elektrovolti 3.6 hivi, na tofauti ya nyuzi 60 haibadilishi sana hesabu hiyo. Kwa hiyo matokeo yenu ya nyuzi 85 yana mambo mawili yaliyochanganyika, ufyonzaji wa mwanga na udhaifu wa chipu yenyewe, na msipoyatenganisha hayana maana. Rekebisheni nishati kwa kiwango cha ufyonzaji cha joto husika, au tumieni mwanga wa nanomita 800 hivi, ambao uko mbali na ukingo wa pengo na hausumbuliwi sana na joto. Halijoto yenyewe ipimeni kwenye chipu, msisome namba ya kwenye hita.

Joto lina madhara yake ya kweli, sibishi. Transista zisizokusudiwa ndani ya chipu hufunguka kirahisi zaidi ikiwa ya moto, mkondo ukapanda na usishuke mpaka uzime umeme. Hilo lijaribuni kwenye joto la juu kabisa.

Sasa huyo fundi. Leza ya majaribio haya hutoa mapigo ya pikosekunde au mafupi zaidi, doa lake ni mikromita moja au mbili, tena linaongozwa kwa hadubini. Ya vioo hutoa mapigo marefu ya nanosekunde, na imeundwa kuchoma. Hata leza nzuri haisemi lolote kuhusu dozi ya mionzi inayolimbikizwa miezi kwa miezi. Hilo hupimwa kwa vyanzo vya mionzi kama kobalti-60. Na vipimo vya leza visipolinganishwa na vya ayoni kutoka kwenye kiongeza kasi (mtambo wa kurusha chembe kwa kasi kubwa), ni namba tu.

Nimeshaletewa cheti cha namna hiyo, kina mhuri na maneno “imestahimili mionzi”. Chipu yenyewe ilikuwa haijafunguliwa. Leza ilikuwa imeacha alama ya kijivu juu ya plastiki, basi.