Maji ya mtaro wa barabara kuingia shambani: uyazuie au uyavune?

Yavune, kama wanavyofanya wakulima wengi wa Makueni na Kitui nchini Kenya. Piga hesabu kwanza: barabara ya changarawe yenye urefu wa mita 500 na upana wa mita 6, mvua ya milimita 30 ikinyesha na nusu tu ya maji itiririke, unapata lita 45,000 kwa siku moja. Bwawa la mita 8 kwa 6 juu, mita 4 kwa 2 chini, kina mita 2, linabeba takribani lita 50,000.

Watu huharibu hapa: wanaelekeza mtaro moja kwa moja bwawani. Misimu michache tu, tope limejaa. Chimba kwanza shimo la kunasia tope, mita 2 kwa 1, kina mita 1, na ulizoe kila baada ya mvua kubwa. Lango la maji ya ziada liwe sentimita 30 chini ya ukingo, lipangwe mawe, vinginevyo ukingo utakatika usiku mmoja. Maji hayo ya ziada yapeleke kwenye matuta ya fanya juu (yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko), si kwa jirani!

Udongo wa kichanga? Tandika nailoni nzito, la sivyo yote yatazama. Jua nalo hunywa milimita 5 hivi kwa siku, basi ongeza kina, si upana. Zungushia bwawa ua kwa usalama wa watoto. Maji haya ni ya mboga na mifugo. Ya kunywa vuna ya paa.